Jina la Mtoto wa Mwanakheri

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo wengine wenu mliiona, alikuwapo binti wa Pangani aitwaye Mwanakheri. Alipofika umri wa kuchumbiwa, uso wake ulijaa chunusi. Akaambiwa ni uchafu. Basi akawa anausugua kwa sabuni ya kufulia na ndimu, na kadiri alivyosugua ndivyo ngozi ilivyochubuka na chunusi zilivyozidi. Mwishowe akajifungia chumbani. Wageni wakija, hatoki.

Shangazi yake, Bi Mwantumu, akazichukua sabuni na ndimu zote akazitupa chooni. Mwanakheri akalia, akamwita mchawi mbele ya watu. Hata hivyo, shangazi hakuzirudisha.

Kisha akaja binamu yake Saumu, muuguzi wa zahanati. Akamweleza kwamba ngozi ya kila mtu ina vijidudu visivyoonekana, na vingi si adui, bali huvinyima nafasi vile vibaya. Ila mafuta yakiziba vinyweleo, aina moja huzaliana humo ndani, na ngozi huvimba.

"Mdogo wangu, kwa kusugua umewafukuza walinzi na ukuta umeubomoa," akasema. Akampa dawa ya kupaka, akamwonya kuwa kupona kutachukua miezi.

Miezi hiyo ilikuwa mirefu. Jirani yao Kibibi, mwenye makovu ya chunusi mashavuni, akawa anakuja kila alasiri kumshika mkono, wakaenda sokoni wote wawili nyuso wazi. Huko sokoni ndiko kijana aitwaye Shekue alikomwona, akamposa kabla uso haujapona sawasawa.

Wakaoana, na Mungu akawajaalia mtoto wa kike. Mwanakheri akasema atampa jina la aliyemwokoa.

Bi Mwantumu akasema, "Ningekuacha uendelee kusugua, dawa ingepakwa juu ya kidonda. Nimebebeshwa jina la mchawi kwa ajili yako, mwanangu. Nipe na hili."

Saumu akasema kutupa sabuni hakukuponya hata chunusi moja. Zilizopona zimepona kwa dawa, na kwa yeye kumfafanulia ugonjwa wenyewe.

Kibibi hakudai kitu. Alipoulizwa, alisema tu, "Mimi sikukuponya. Nilikuwa nawe ulipokuwa hujapona."

Mwanakheri akamtazama mtoto. Kesho yake ni akika, siku ya kumpa mtoto jina; mbuzi kafungwa uani, na mtoto ni mmoja.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: mngemwita Mwantumu, Saumu au Kibibi? Je, nani alistahili?