Mlinzi wa Mikono Sita

Nyinyi mlioketi hapo na simu zenu mapajani, hebu niambieni: mmewahi kumfukuza mtu ambaye hamjawahi kumwona hata kisogo?

Msinijibu bado. Sikilizeni kwanza.

Hapo zamani, lakini si zile zamani za sungura kusema na fisi kumjibu. Zamani za juzi tu, watu walipokuwa wameshaacha kusalimiana dirishani wakaanza kusalimiana kwa vidole, palikuwa na klabu ya drafti iliyoitwa Kijiweni. Kijiwe chenyewe hakikuwa na benchi wala kivuli. Kilikuwa ndani ya tovuti ya michezo, na wanachama wake mia nane walitapakaa kutoka Mtwara hadi Bukoba, kila mmoja na jina la kujibandika: Kula Tatu, Kingi Mtukufu, Mama Usiniguse.

Klabu hiyo ilisimamiwa na watu watatu. Zawena, mwalimu wa jiografia huko Dodoma. Lazaro, fundi wa majokofu wa Mwanza. Nasria, karani wa takwimu wa Tanga. Hawakuajiriwa, hawakupewa hata fulana. Walijitolea, kwa sababu wanazozijua wao. Mtu anayejitolea ukimdadisi sana sababu hukasirika.

Sasa shikeni jambo moja, maana kisa chote kinaning'inia hapo. Tovuti ile ilitoa kiti kimoja tu cha usimamizi kwa kila klabu. Kiti kimoja, jina moja, nywila moja. Nao walikuwa watatu. Wakafanyaje? Wakafungua akaunti moja, wakaiita Mlinzi, wakagawana nywila na zamu: asubuhi Nasria, mchana Zawena, jioni Lazaro. Aliyefuta tusi ni Mlinzi. Aliyefukuza mtu ni Mlinzi. Aliyesoma malalamiko ni Mlinzi.

"Tena afadhali," Lazaro alisema siku hiyo kwenye simu. "Wakitukana, wanamtukana Mlinzi. Sisi tunakula ugali wetu kwa amani."

Wakacheka wote watatu. Zawena ndiye aliyecheka zaidi.

Na matusi yakaja. Aliyefungwa alisema aliyemfunga anatumia mashine, yaani ile programu inayomwambia mtu kete ya kusogeza. Aliyefunga alisema aliyefungwa ana kijicho. Aliyefutiwa tusi aliuliza uhuru wa kusema umekwenda wapi, akauliza kwa tusi kubwa zaidi. Mmoja aliandika kila siku kwamba Mlinzi anapendelea watu wa kwao. Kwao wapi? Mlinzi alikuwa na kwao kutatu. Na wasimamizi wakiwaandikia wenye tovuti kuomba msaada, jibu lilikuwa lile lile: Ombi lako limepokelewa, samahani kwa usumbufu uliojitokeza. Uliojitokeza! Kama kwamba usumbufu huota wenyewe ardhini, kama uyoga.

Zawena alikuwa anasahihisha mitihani ya kidato cha tatu huku simu ikitetemeka mezani kama mgonjwa wa homa. Mwalimu mwenzake alimuuliza, "Hivi hao watu wanakupa nini?"

"Wananipa presha," akajibu, akaendelea kufuta.

Lakini kati ya wale mia nane alikuwapo mmoja aliyejiita Taa ya Kijani. Huyo hakutukana mtu. Kila siku adhuhuri, kabla hajacheza, aliandika maneno matatu tu: "Njia iko wazi."

Siku moja, katika zamu ya Zawena, Taa ya Kijani alimwandikia Mlinzi faraghani. Aliandika kwamba jina lake ni Kitwana, mstaafu wa reli, Tabora. Kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha ishara za treni. Kwamba kiharusi kimemchukulia sauti na mkono wa kulia, kwa hiyo anaandika na kucheza kwa kidole gumba cha kushoto. "Usishangae ninavyocheza haraka, mwanangu," aliandika. "Michezo hii yote nilishaicheza na marehemu Sadala pale stesheni, miaka thelathini, kati ya treni na treni. Mimi sifikiri. Nakumbuka."

Zawena aliusoma ujumbe ule mara mbili. Akajibu: "Karibu sana, Mzee. Mlinzi anakuona."

Wenzake hakuwaambia. Si kwa ubaya. Lilikuwa jambo pekee zuri aliloandikiwa Mlinzi mwaka ule, naye akataka liwe lake peke yake. Na ujumbe wa tovuti ile hujifuta baada ya mwezi. Ukajifuta.

Ndipo ukaja ule mwezi wa mashine. Kila mchezo ulioisha, shutuma. Nusu ya klabu ikatishia kuhama: Mlinzi kalala! Mlinzi kahongwa! Mlinzi ni mashine naye!

Nasria, mtu wa takwimu, akaketi kuhesabu. Akapekua michezo elfu nne, asubuhi baada ya asubuhi, chai ikipoa pembeni. Akatunga kipimo: aliyeshinda michezo thelathini mfululizo, na kila kete akaisogeza chini ya sekunde tatu, huyo ana shaka. Yakatoka majina saba. La saba lilikuwa Taa ya Kijani: michezo thelathini na mmoja. Nasria akayaandika kwenye daftari lao la pamoja, juu akaweka: *Wa kuangaliwa*.

Jioni akaingia Lazaro. Siku hiyo alikuwa ameshinda chini ya jokofu la bucha, na alipofungua simu alikuta ujumbe mia na arobaini na mbili, mmojawapo ukimtaja mama yake. Mama yake alikuwa na miezi mitano kaburini. Lazaro akaliona daftari, akaona majina saba. Hakuangalia hata moja. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza, mara saba.

Na ubao wa klabu ukaandika: *Mlinzi amewafukuza wanachama saba.*

Anayefukuzwa kule haondoki hivi hivi. Jina lake hupakwa alama nyekundu, Mdanganyifu, na mlango hufungwa katika klabu zote za tovuti ile. Msimamizi anaweza kuifuta alama ndani ya siku kumi na nne. Zikipita, hata yeye hawezi tena.

Kijiweni wakashangilia. Mlinzi oyee! Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, simu ya Zawena ikatulia.

Kesho yake mchana akafungua kisanduku cha rufaa, kilichokuwa kazi ya zamu yake, mle chumba cha walimu. Sita walikuwa wametukana, tena wadanganyifu wa kweli wale, hilo lilithibitika baadaye. Wa saba alikuwa ameandika: "Mlinzi, nadhani pametokea makosa. Mimi ni yule mzee wa Tabora."

Zawena akashika kichwa. Akawaza: nikimrudisha mmoja, hawa sita watasema tunabagua, moto utawaka upya. Utulie kwanza. Nitamrudisha kesho.

Siku ya nne ikaja barua ya pili: "Mwanangu, nilikueleza. Uliniambia unaniona."

Nitamrudisha Jumatatu.

Siku ya kumi na moja ikaja ya tatu: "Mwanangu, sina mahali pengine pa kusema."

Hapo sasa nisikilizeni vizuri. Kwa muda ule alama ilikuwa bado inafutika. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja. Lakini ili amrudishe, ilimbidi awaeleze wenzake, maana ubao ungetangaza, na wenzake wangefungua kisanduku, wangeona barua ya kwanza *imesomwa*, ya pili *imesomwa*, na tarehe zake, na zamu ilikuwa ya nani. Zawena akakaa na ile simu mpaka kengele ya kipindi ikalia. Kisha akazifuta barua zote tatu, akaenda kufundisha pepo za kusi na za kaskazi.

Ubao ukaandika: *Mlinzi amefuta jumbe tatu.* Lazaro akaona, akadhani Nasria kafuta matusi. Nasria akaona, akadhani Lazaro.

Siku kumi na nne zikapita.

Miezi miwili baadaye kwenye ubao wa wazi wa Kijiweni pakatokea mgeni aliyejiita Binti wa Taa ya Kijani. Aliandika: "Baba yangu, Mzee Kitwana, amefariki. Ameacha kitu cha huyo aliyemfukuza. Arobaini ni Jumamosi ijayo, Tabora. Mlinzi, njoo."

Klabu nzima ikasoma. Hakuna aliyetukana siku hiyo. Wasimamizi wakapigiana simu. Hakuna aliyetaka kwenda, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema haendi. Hivyo wakaenda wote.

Walionana ana kwa ana kwa mara ya kwanza kwenye geti la nyumba ya msiba. Lazaro alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Nasria alikuwa amebeba daftari, Mungu anajua la nini.

Kisomo kikaisha, pilau ikaliwa, watu wakaanza kutawanyika. Binti wa marehemu, Mwasiti, mwanamke wa makamo, akawaita kwenye mkeka wa pembeni, nao wakajitambulisha kwa majina na kazi zao. Akaweka katikati yao kopo la maziwa ya unga, akalifungua. Ndani vizibo vya soda ishirini na vinne: kumi na viwili vya kuchezwa chali, kumi na viwili vya kifudifudi, vimesuguliwa na vidole mpaka maandishi yamekwisha.

"Ndivyo alivyochezea na Mzee Sadala," akasema. "Mimi sikuwaita ili niwalaumu, wala sisemi mmemuua, daktari kasema moyo. Nasema tu kwamba baada ya kufukuzwa aliacha kuinuka kitandani. Siku ya mwisho akaniandikia kwenye simu: *Vizibo mpe aliyenifukuza. Huyo alinitazama.* Basi. Nani Mlinzi?"

"Dada yangu, pole sana," Lazaro akaanza, akifinyafinya kofia. "Mlinzi ni… ni sisi wote."

"Kaka, sikuuliza ni wangapi. Nimeuliza nani."

"Aliyebonyeza ni mimi. Kidole ni hiki. Lakini sikumtazama, nisiseme uongo. Niliona orodha, nikaamini orodha. Orodha ya huyu."

"Orodha yangu ilisema *wa kuangaliwa*, Lazaro!" Nasria akafungua daftari, akaligonga kwa ukucha. "Soma. Pameandikwa fukuza hapo? Dada Mwasiti, mimi nilimtazama baba yako. Michezo thelathini na mmoja, kete kwa kete, hata ule wa ishirini na sita alipotoa kingi makusudi akala nne, nilirudia kuuangalia kwa uzuri wake. Lakini sikumfukuza."

"Ulimtazama ukaona mwizi," Lazaro akasema.

"Na wewe uliona nini? Hukuona kitu!"

"Nilikuwa nimechoka, bwana! Mia na arobaini na mbili! Nani kati yenu aliuliza, Lazaro umeamkaje?"

"Basi," Mwasiti akasema taratibu. "Basi, ndugu zangu. Aliyefukuza hakutazama, aliyetazama hakufukuza. Labda baba alikosea." Akachukua kizibo kimoja, akakigeuza chali, akakigeuza kifudifudi. "Au alikuwa na maana ya yule wa barua."

"Barua gani?" wakauliza wawili kwa pamoja.

"Aliandika tatu. Alikuwa ananionyesha simu: imesomwa. Imesomwa. Imesomwa. Nami, mjinga, nikawa namwambia, baba, anayesoma atajibu tu. Akawa analala na simu kifuani, isije ikalia asisikie."

"Mimi sikuona barua," Nasria akasema. "Wallahi sikuona."

"Wala mimi," Lazaro akasema. Kisha akakumbuka ule mstari kwenye ubao. *Mlinzi amefuta jumbe tatu.* Akamtazama Nasria. Nasria akamtazama yeye. Kila mmoja akamwona mwenzake, na kwa dakika hiyo hawakuaminiana.

Zawena hawakumtazama. Zawena ndiye mwalimu, ndiye mpole, ndiye aliyewabembeleza hata waliomtukana. Ilibaki aseme *wala mimi*, maneno mawili, na hakuna kiumbe duniani ambaye angeweza kumpinga. Jina lilikuwa Mlinzi. Barua hazikuwapo. Mwenye barua alikuwa hayupo. Tayari alikuwa ameufungua mdomo kuyasema.

Mwasiti akamgeukia kwa heshima tu, kama mwenyeji anavyomgeukia mgeni aliyesahauliwa. "Na wewe, Mwalimu? Hujasema neno tangu umekaa."

Zawena alitazama kizibo kilichokuwa kwenye kiganja cha yule mama.

"Nilizisoma mimi," akasema. "Zote tatu, mchana, katika chumba cha walimu. Nilijua ni nani na nilijua hadanganyi, kwa sababu mwenyewe aliniambia, nami nikamwambia namwona. Ile ya tatu ilipokuja, nilikuwa bado na siku tatu za kumrudisha. Nikazifuta zote ili hawa wasijue kwamba nilikuwa nimeshazisoma mbili za kwanza."

Haya, na nyinyi mlioketi hapo. Marehemu alisema: aliyenifukuza, aliyenitazama. Nasria alimtazama, akaona mashine. Lazaro alimfukuza, hakuona mtu. Zawena alimwona mtu, akauacha umefungwa mlango ambao hakuufunga yeye. Kopo bado liko mkekani, wazi, na Mwasiti anangoja aambiwe alisogeze upande gani. Je, vizibo vya Mzee Kitwana ni vya nani?