Jina Lililopita Wimboni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Kichwa, na wenyewe ndani!

Hapo kale, ndani ya kichwa cha Bi Somoe, walikaa ndugu. Darasani mimi sikukaa sana, lakini hawa nawajua kuliko mwalimu yeyote. Wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, usikilize.

Mbele alikaa Paji, kaka mkubwa, kazi yake kuamua. Nyuma alikaa Kisogo. Macho huchungulia tu, anayeona ni yeye. Chini yake Mizani, anayemsimamisha mtu asipepesuke kama wewe jana. Shingoni Shina, mlinzi wa pumzi na moyo, hana sikukuu. Na ubavuni, pacha wawili. Kushoto, bingwa wa maneno. Kulia, anajua nyimbo, basi. Kushoto kila siku alimcheka dada yake kwamba kazi yake ni mmh-mmh. Alisahau kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe na pete.

Siku moja njia ya damu ya chumba cha Kushoto ikaziba. Chumba kikakauka. Bi Somoe akaanguka. Alipoinuka, maneno hayakuinuka naye.

Na wiki hiyohiyo binti yake, Mwanakheri, alijifungua mtoto wa kike. Kwao mtoto hunyolewa siku ya saba, na bibi hutamka jina kabla wembe haujamaliza. Bibi akinyamaza, shangazi ndiye anayetoa jina. Na shangazi huyu, Bi Kidawa, alishawatangazia majirani kwamba mtoto ni Kidawa mwenzake.

Bi Somoe alikuwa na jina moyoni, la mdogo wake aliyemlea mgongoni, akafa angali mtoto. Moyoni nasema, lakini mmeshajua lilikaa wapi.

Wembe ukaanza. Mwanakheri akamwuliza mama yake jina. Paji akaamuru, ulimi ukatii, likatoka: "Sufuria."

Akamwuliza tena. Likatoka: "Jumanne."

Akamwuliza mara ya tatu. Halikutoka neno, lilitoka chozi.

Zilibaki nywele za nyuma tu. Bi Kidawa akasafisha koo.

Kule ndani Kushoto akalia kwamba jina analijua, kulitoa ndiko hawezi. Paji akatapatapa. Ndipo yule wa mmh-mmh akasema:

"Kaka, usimlazimishe kusema. Mwambie abembeleze mtoto."

"Kubembeleza ndiko kutaleta jina?"

"Wewe mpe mtoto."

Bi Somoe akanyoosha mkono uliobaki na nguvu. Mwanakheri akampakatisha mtoto. Mizani akamyumbisha taratibu, na kinywa kikafunguka kwa wimbo aliombembelezea mdogo wake zamani:

"Howa, howa, Mwanashehe,
mama yu kisimani, howa."

Wembe ukasimama.

"Mama, ndilo hilo?" akauliza Mwanakheri.

Bi Somoe akataka kusema ndiyo. Ikatoka "sufuria". Basi akaimba tena, na safari hii watu walicheka huku wanafuta macho. Na Bi Kidawa, tumpe haki yake, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Miezi ikapita. Kushoto akaokota maneno mawili matatu: chai, njoo, chumvi. Jina lile hakulipata. Akamwambia pacha wake, kwa sauti ndogo ambayo hamjawahi kuisikia kwa bingwa, "Dada, hilo endelea nalo wewe."

Mwanashehe akakua, akaitwa na mtaa mzima. Bibi yake hakumwita hata siku moja.

Alimwimba.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaitafuna mwenyewe.