Chumba Kimoja Kwenye Uwanja wa Mnada

Sogeeni ndani, mnaobana mlango. Hadithi hii naitoa mara moja. Atakayesinzia asije kesho kuniuliza iliishaje, maana mwisho wake sina. Mwisho mtanipa nyinyi.

Ngurureni, kijiji cha tambarare chini ya milima ya Upare, palikuwa na watu watatu. Kila mmoja aliishi peke yake, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Nakiete alikuwa kiziwi. Surua ilimziba masikio angali mtoto. Mume alimzika, na watoto hakujaliwa. Kipaji chake kilikuwa macho. Akipita uani kwa mtu aliona yale ambayo nyinyi wenye masikio mnayapita mkisalimiana.

Mbonea alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Kipaji chake kilikuwa sauti. Huyu ndiye aliyekuwa akinadi ng'ombe: humpapasa nundu, humshika mkia, kisha hupaza sauti mpaka mnunuzi aliyekuja kununua mbuzi anaondoka na fahali. Mnada ulipohamia kwenye barabara ya lami, hakuna aliyekumbuka kumshika mkono kwenda naye.

Senzia alikuwa mshonaji, polio ilimla miguu, akitembea kwa magongo mawili. Kipaji chake kilikuwa kuganda. Akikaa, amekaa. Wachumba walifika kwao, wakatazama magongo, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao.

Siku hizi tunafundishwa kusema mtu mwenye ulemavu. Ni vizuri. Ngurureni walisema kiziwi, kipofu na kiwete, tena hawakungoja mtu ageuze mgongo.

Basi mnada ulipohama, uwanja ukabaki. Mali ya kijiji, si ya mtu. Pale palikuwa na zizi la mawe na josho lililojaa mchanga. Akaja Mwalimu Kilavo, mama mmoja kutoka mjini, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Akaomba kijiji kimkodishie uwanja ule kwa miaka thelathini na mitatu, ajenge shule ya bweni kwa watoto wasiosikia, wasioona, wasiotembea, na wale ambao akili zao huchelewa kufika. Akasema, "Mlezi wa bweni atakuwa mtu wa hapa hapa, katika watakaolipigania eneo hili. Atalala na watoto, atakula nao, atazeeka nao."

Maneno hayo yaliingia katika nyumba tatu, yakakaa.

Lakini uwanja ulikuwa na mwingine anayeutaka. Bwana Kirungu, mwenye malori, alitaka yadi ya kokoto. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye malori hayo yalimsombea mchanga wa nyumba yake, akatangaza: "Eneo lisilotumika ni pori. Atakayeanza kulitumia, huyo tutamfikiria."

Nakiete hakusikia tangazo. Aliona lori. Aliliona likizunguka uwanja kama fisi azungukavyo zizi, akaelewa. Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba, uani, si mlangoni. Nyuma ya nyumba fulani alijua pana mtoto amefungwa kamba mguuni kwenye mpapai. Nyuma ya nyingine pana mtoto amefungiwa stoo na magunzi. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alifungua kamba, akashika mikono, akawapeleka kwenye lile zizi la mawe. Samadi ya miaka yote ilikuwa mle, wakapanda mchicha. Kila siku akawa anakwenda nao na kurudi nao.

Siku lori lilipokuja na kokoto lilikuta watoto wanamwagilia, na Nakiete amekaa katikati ya njia, amelipa mgongo, anachambua mboga. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Akatoa kichwa.

"We bibi! Ondoka, nitakupitia!"

"Kiziwi huyo," akasema utingo wake.

"Sasa nifanyeje?"

"Shuka ukamguse bega."

"Nishuke nikamguse, akipiga ukelele watu wajue nimemgonga? Mguse wewe."

Hakuna aliyemgusa. Lori likarudi kinyumenyume na kokoto zake. Wengine husema Nakiete hakujua. Mimi nasema ardhi ikitikiswa na lori, hata matako yana masikio. Wakaguzi wa wilaya walipofika kuangalia kama uwanja ni pori, walikuta bustani na watoto. Pori likafutwa midomoni.

Ikabaki kura. Ardhi ya kijiji haikodishwi bila mkutano mkuu, na mkutano bila akidi ni maongezi tu. Kirungu hakupinga mkutano, hapana. Alichinja beberu wawili siku hiyo hiyo, upande wa pili wa kijiji, upepo unakotoka. Mwalimu Kilavo hajamaliza salamu, pua zimeshageuka. Mtu mmoja akainuka, wa pili akafuata.

Hapo Mbonea akasimama na fimbo yake. "Mnadaaa! Leo nauza watu! Nasikia kandambili iliyoshonwa kwa waya. Huyo ni Elinami. Dume, limekonda, lina mbio pale tu linaposikia nyama. Nani ananipa kuku mwenye kideri?"

Watu wakaangua kicheko. Elinami akakaa.

"Nasikia buti, moja linaburuzwa. Mzee Sempeho! Meno manne, yote ya mbele. Jamani, huyu halimi wala hakamuliwi. Anayemchukua nampa na kamba bure!"

"Mbonea, mimi ni baba yako mdogo!" Sempeho akafoka.

"Ndiyo maana nakuuza rahisi, baba. Kaa."

Na akakaa. Nani angethubutu kuinuka tena? Kila unyayo uliojaribu ulinadiwa. Wakacheka mpaka machozi, harufu ya beberu ikapita juu ya vichwa vyao, akidi ikatimia, mikono ikapanda. Kura ikapita. Kisha wote wakakimbilia nyama, na aliyewashikilia pale akabaki amesimama, fimbo mkononi, anauliza, "Kuna mtu wa kunifikisha nyumbani?" Nakiete ndiye aliyemshika mkono.

Ikabaki saini ya wilaya. Senzia akasema, "Hiyo niachieni." Akapanda gari na cherehani chake cha mkono. Ofisi ya ardhi ilikuwa ghorofani.

Mlinzi akamwambia, "Ardhi ni juu, dada."

"Ardhi iko chini, kaka. Huko juu ni watu wake tu."

Akakaa kwenye ngazi ya kwanza, akaweka cherehani, akanyoosha miguu yake ile miwili mikavu ikaziba njia yote, akaanza kushona. Mnajua kumruka mtu miguu ni mwiko gani. Hata aliyesoma ng'ambo hathubutu, maana mama yake alimwonya kabla ya mwalimu wake. Walio juu hawakushuka, walio chini hawakupanda. Bwana ardhi akaja mwenyewe, mkono kiunoni.

"Mama, toa miguu tupite."

"Haitoki kwa kuambiwa, mwanangu. Ingekuwa inasikia ningekuja juu."

"Faili lako lipo kwenye foleni."

"Na mimi nipo. Lete hilo faili tukae wote. Ruka basi kama una haraka."

Hakuruka. Jua liligeuka, vitambaa vikaongezeka, tumbo la bwana ardhi likaanza kudai chakula chake. Mwishowe faili likateremka, likatiwa saini palepale, juu ya bao la cherehani.

Kwa hiyo shule ikapata ardhi. Bila Nakiete uwanja ungekuwa kokoto. Bila Mbonea kura isingepigwa. Bila Senzia mkataba ungelala kabatini mpaka panya wausome.

Sasa sikilizeni jambo lililo chini ya jambo. Miezi yote ile ya kupigania uwanja, hawa watatu walikuwa wanakula pamoja kwa Nakiete. Chungu kimoja cha makande. Mbonea alisema, Senzia akageuza maneno kwa mikono, maana alikua jirani na Nakiete na walikuwa na ishara zao tangu utoto. Nakiete akajibu kwa mikono, Senzia akageuza kwa mdomo. Kicheko cha Nakiete kilichelewa siku zote, kikafika wenzake wameshamaliza, wakaanza kucheka upya kwa sababu yake. Mbonea alisema hajawahi kuishi miezi mifupi kama ile.

Bweni likaisha. Chumba cha mlezi kilikuwa kimoja, kitanda kimoja. Mwalimu Kilavo akawaita.

Nakiete akasema kwa mikono, Senzia akatafsiri: "Watoto nimewafungua kamba mimi. Wananijua kwa harufu. Nyumbani kwangu naona midomo ya watu tu, haisemi na mimi."

Mbonea akasema, "Mimi sauti yangu inasikilizwa na ukuta. Mtoto asiyeona ataogopa giza gani nikiwa namwimbia? Nipeni mimi."

Senzia akasema, "Nimeshonea watoto wa watu sare maisha yangu yote. Sijawahi kumvalisha hata mmoja asubuhi."

Wakaanza kubishana. Nakiete akarusha mikono kwa hasira, haraka haraka.

"Anasema nini?" Mbonea akauliza. "Senzia! Anasema nini?"

Senzia akakunja mikono kifuani. Mara ya kwanza katika maisha yao hakutafsiri. Nakiete akasimama mbele ya mtu asiyemwona, Mbonea akapaza sauti kwa mtu asiyemsikia, na aliye katikati amefunga mlango.

Mwenye haraka atasema wakae wote. Mwalimu amekataa: vyumba vingine ni vya walimu, na mkataba umesema mlezi mmoja. Atasema wapokezane. Hilo nalo liliulizwa, na Mwalimu akajibu, "Mtoto aliyefungwa kamba na mama yake simpi mama wa zamu." Mna jibu hapo? Mimi sina.

Tangu siku ile kila mmoja anapika kwake. Mnajua makande yanavyochukua kuni kuiva. Kuyapika kwa mdomo mmoja ni upumbavu, lakini moshi unaonekana, nyumba tatu, kila jioni.

Mkimpa Nakiete, Mbonea atabaki na mwanamke aliyemnyamazia. Mkimpa Mbonea, hao wawili watabaki na ishara za utoto na kinyongo cha uzeeni. Mkimpa Senzia, basi kiziwi na kipofu watabaki kijiji kimoja, na hakuna neno litakalovuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka wazikwe. Na asiniambie mtu kwamba watatembeleana. Wewe jirani yako alipougua ulikwenda lini? Ulikwenda na nini?

Watoto wanaingia Jumatatu na magodoro yao. Ufunguo umening'inia kwenye msumari ofisini kwa Mwalimu, na yeye amechoka kuutazama.

Haya, nimeutoa msumarini. Huo, umo mkononi mwako. Jioni imeingia, mioshi mitatu hiyo. Unakwenda kupiga hodi kwa nani? Na ukishamkabidhi, niambie: utarudi kwako kwa njia ipi, usipite mbele ya zile nyumba mbili?