Shuka la Bi Mbingu

Nikiita, itikeni.

Ngano yaja!

*Na ije, tumekaa!*

Yaja na nini?

*Na kweli yake na uongo wake!*

Hapo kale, Mwenyezi Mungu alipokuwa ameshaumba vyote ila huko juu bado hakuna rangi, waliishi dada wawili. Mkubwa ni Bi Mbingu, mdogo ni Bi Wingu. Kaka yao alifariki akawaachia mtoto mmoja, Jua, nao wakamlea mpaka akawa mwanamume wa kuoa.

Jua akaposa Magharibi, akakubaliwa. Na desturi yao ilikuwa hii: bwana harusi hakanyagi vumbi. Shangazi yake humtandikia shuka jeupe, apite juu yake mpaka kwa bibi harusi. Lakini shuka ni moja, na mashangazi ni wawili. Wakakubaliana litandikwe lililo jeupe zaidi, na jirani yao Upepo ndiye aamue.

Bi Mbingu akasema moyoni, heshima hii ni yangu. Mimi ndiye mkubwa. Nani alimbeba alipoota meno?

Siku ya kwanza akafua, akafua, akafua, mpaka vidole vikanyauka kwa sabuni. Akaanika. Wingu naye akaanika la kwake. Upepo akapita, akalishika hili, akalishika lile. "La Bi Wingu," akasema, akaenda zake.

Siku ya pili akafua tena, kwa ndimu na maji ya majivu. Upepo akapita. "La Bi Wingu. Na hili lako, bibi, umelifua au umelichungulisha maji?"

Tangu hapo chakula hakikumshuka. Mdogo wake akicheka, yeye huona anachekwa. Akiimba, huona anaimbwa. Akimletea maji ya kunywa, huona hata maji yanamkejeli.

Siku ya tatu, asubuhi ya harusi, akameza mate machungu akaenda kumuuliza siri yake. Wingu hakuficha. Akamtolea kifuko cha nili, ule unga wa buluu wa kusuuzia nguo nyeupe.

"Chembe tu, dada. Koroga kwenye maji, chovya shuka mara moja, toa."

"Chembe tu?"

"Chembe tu. Ikizidi inaharibu."

Mbingu akashukuru kwa mdomo. Njiani wivu ukamwambia, huyo anakudanganya, anataka ubaki nyuma yake. Akafika kwake akamimina kifuko kizima, akalizamisha shuka, akaliwekea jiwe juu.

Alipolitoa, lilikuwa buluu. Akasuuza mara moja, buluu. Akasuuza mara mbili, buluu. Akasuuza mara ya tatu, buluu ileile imekolea.

Ngoma za harusi zikaanza kulia. Mbingu akatoka mbio, moja kwa moja mpaka uani kwa mdogo wake. Shuka la Wingu lilikuwa kambani, jeupe hata halitazamiki. Akalirarua vipande, vipande, vipande.

Jua akafika amevaa, anang'aa. Akakuta shuka zima ni moja tu, tena la buluu. Wingu alikuwa chini, analia.

"Nani kafanya haya?"

Bi Mbingu alitaka kusema ni mbuzi. Akamtazama mdogo wake pale chini.

"Mimi, baba," akasema. "Ni wivu."

Jua akalishika lile shuka la buluu. "Basi tandika hilohilo, shangazi. Na kila siku nikienda kwa mke wangu, nitapita hapo."

Mbingu akalitandika toka Mashariki hadi Magharibi. Heshima aliyoililia akaipata, na kosa lake likaonwa na kila mwenye macho. Jua akiisha kupita, Mbingu hulikunja, giza likaingia. Asubuhi hulitandika tena.

Wingu akamwonea huruma dada yake. Akaokota vipande vyake, akavitawanya juu ya lile buluu ili amsitiri. Na kila kipande kilipotua pale, kikaonekana cheupe kuliko kilivyokuwa kambani. Mbingu akakiona. Anakiona mpaka leo.

Ngano nimeitua hapo. Funzo lake: wivu hukufanya uambiwe kweli ukasikia uongo, na unayetaka kumfifisha ukazidi kumng'arisha. Wala msidhani nawasema ninyi. Juzi niliyatazama mashuka ya jirani yangu yalivyotakata, nikaomba mvua inyeshe. Ikanyesha. Ya kwake alikuwa ameshayaanua. Yangu ndiyo yalikuwa kambani. Mungu anisamehe. Haya, yeyote mwenye nguo nje akaanue.