Bunduki ya Babu Begani mwa Twila

Kanda la usufi hata mtoto hulibeba kwa kidole kimoja. Wahenga walipotaka kutuonya jinsi tunavyoyapima mateso ya wengine, hilo ndilo kanda walilolichagua. Jeraha likiwa la mwenzio, u mwepesi wa kusema "si kitu, kaza moyo," na ukishasema unageuka kuendelea na chakula chako. Wendell Shumaker aliyasema maneno hayo kwa mwanawe wa pekee vuli nzima, na sidhani kama kuna siku itakayopita bila yeye kuyakumbuka.

Katika milima ile ya kaskazini mwa Pennsylvania, Jumatatu inayofuata sikukuu ya Shukrani shule hufungwa, na hakuna anayeuliza sababu. Msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa. Mtoto akitimiza miaka kumi na miwili hupewa kibali chake cha kuwinda na kuingia msituni na baba yake, na kwa watu wa kule siku hiyo haina tofauti na jando. Twila Shumaker alikuwa ameingojea tangu alipojua kuhesabu. Si kwamba alikuwa na hamu ya kuua. Baba yake alikuwa dereva wa lori la magogo. Kila wiki aliondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa akiwa hoi, na Jumamosi aliishia usingizini. Lakini juu ya kilima, chini ya mti mkubwa wa mwaloni, Wendell alikuwa amejenga kibao cha kukalia watu wawili. "Upande huu wangu," alimwambia binti yake alipokuwa bado mdogo, "na huu unakungoja wewe." Maneno hayo yalikuwa mali kubwa kuliko zote alizokuwa nazo Twila.

Siku moja mwezi wa tisa, Twila akiwa ametimiza miaka kumi na miwili, Wendell alimpeleka kwenye duka la bunduki la Bwana Grubb. Mzee yule alimtazama mtoto mara moja, akainama chini ya meza na kutoa bunduki ndogo, nyepesi, yenye kitako kifupi. Twila akaipachika begani. Ikatulia kama iliyokuwa ikimsubiri. Uso ukamchangamka.

"Hii, Baba."

Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa karibu na jiko wakageuka. Mmoja akacheka kwa pua. "We Wendell, unamnunulia mwanao bunduki au mwanasesere?"

"Ni ya kuulia panya hiyo," akadakia mwingine. "Kulungu atafikiri ameumwa na mbu!"

Kicheko kikalijaza duka. Bwana Grubb alisema kwamba bunduki ile inaua vizuri sana mtu akilenga vizuri, lakini Wendell hakumsikia. Alisikia kicheko tu. Kwa miaka mingi alikuwa ametaniwa kwamba hana mtoto wa kiume, na sasa masikio yalimwaka moto. Akaichukua ile bunduki mikononi mwa Twila na kuirudisha mezani.

"Ya nini kununua?" akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Nyumbani kuna bunduki ya marehemu baba. Mimi nilianza na hiyo hiyo nikiwa na umri wake. Na huyu damu yangu."

Bunduki ya marehemu ilikuwa dude zito la kuangushia dubu, na ilikuwa maarufu kwa teke lake. Jumamosi ya kwanza walikwenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Wendell akatundika sahani ya karatasi ya kulenga, akamwonyesha mtoto namna ya kusimama. Twila akafyatua. Kitako kikampiga begani, akapepesuka hatua mbili nyuma, machozi yakamlengalenga.

"Imekuuma?"

"Hapana, Baba."

"Hilo ndilo jibu! Tena."

Akapiga tena, na tena. Jumamosi iliyofuata walirudi, na iliyofuata vilevile. Kufikia mwezi wa kumi bega lilikuwa limeshajua kinachokuja, nalo likawa linajikunja kabla ya kidole kuvuta. Macho nayo yakajifunga yenyewe. Risasi zikawa zinachimba udongo.

"Unafumba macho, Twila! Unaogopa nini? Si kitu hiki, mama. Kaza bega."

"Nakaza, Baba."

Nyumbani, Lorna, mama yake, aliona mtoto akinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto. Aliona pia kwamba siku hizi hafungui vifungo vya shati hata mbele ya jiko. Alipomwuliza, Twila alisema amelalia bega vibaya. Lorna akamfuata mumewe uani.

"Wendell, mtoto anaumia."

"Kuumia kidogo ndiko kukomaa. Nyie kina mama mnataka kumlea kama yai."

"Kidogo kwa nani?"

Wendell akacheka na kuendelea kupasua kuni. Lorna aliporudi ndani alimkuta Twila amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mama, usimseme Baba. Akidhani siwezi, ataenda peke yake."

Lorna akanyamaza, na nadhani hilo nalo lilikuwa kosa.

Jumatatu ile theluji iliamka imeufunika mlima wote. Baba na mwana walipanda gizani wakiwa na fulana zao za rangi ya chungwa ili wawindaji wengine wawaone, wakakaa kwenye kibao, kila mmoja upande wake. Wendell akafungua chupa ya kahawa, akammiminia binti yake kikombe kilichojaa maziwa. Akamsimulia kwa kunong'ona jinsi babu yake alivyowahi kusinzia pale pale na kulungu akaja kumnusa kofia. Twila akaziba mdomo kwa glavu asicheke. Kwa muda ule alikuwa na furaha kamili, na naandika hivyo kwa sababu haikurudi tena.

Jua lilipochomoza dume la kulungu likatoka kati ya miti, likasimama kwa ubavu. Twila akainua bunduki. Kitako kilipogusa bega tu, maumivu yakamtambaa hadi shingoni.

"Kaza," baba yake akanong'ona.

Akafumba macho, akavuta.

Dume likaruka, likayumba, likatokomea bondeni. Wakashuka haraka pale lilipokuwa. Juu ya theluji palikuwa na damu, na katikati ya damu kipande cha mfupa.

"Baba, haya si meno?"

Wendell alijua mara moja. Risasi ilikuwa imeling'oa taya la chini. Mnyama wa namna hiyo hafi papo hapo; hukimbia, halafu hawezi kula. Wakaifuata damu siku nzima, wakavuka kijito, wakapanda mgongo wa pili wa mlima. Damu ikapungua ikawa matone, kisha nayo matone yakakoma.

"Atakufa?" Twila akauliza.

"Atakufa."

"Leo?"

Baba yake akageuka, akashika njia ya kambini.

Kambini, katika kibanda cha magogo cha ukoo wao, jiko lilikuwa likinguruma na sufuria ya maharage na nyama ya nguruwe ikitokota. Ukutani zilining'inia pindo za mashati zilizopigiliwa misumari, kila moja na jina la mwenyewe, kwa maana sheria ya kambi ilikuwa kwamba anayemkosa kulungu hukatwa upindo wa shati lake. Clair, kaka mkubwa wa Wendell, alipoona sura ya mtoto alidhani dawa yake ni mzaha. Akachukua mkasi.

"Haya, tuseme umekosa, yaishe! Hapa hata baba yako shati lake liko ukutani, tazama lile pale, kama tambara la kudekia. Geuka, mwanangu, tukutahiri shati!"

Wanaume wa kambi wakashangilia. Clair akamshika begani asigeukegeuke.

Twila akapiga yowe.

Halikuwa yowe la mtoto anayetaniwa, na kila mtu alilijua hilo. Clair akaweka mkasi chini. Akasogeza kola ya shati taratibu kwa vidole viwili. Bega lilikuwa jeusi katikati, zambarau kulizunguka, na pembeni manjano ya michubuko ya zamani iliyopigwa juu yake mingine kabla haijapona.

"Bunduki gani hii, Wendell?" Clair akauliza.

"Ya mzee. Si nilianza nayo mimi? Na sikulalamika."

"Hukulalamika?" Clair akamkazia macho. "Mama alikushonea mto wa sufi ndani ya koti. Mzee akakuruhusu risasi moja tu ya kujaribu, moja, na ukalia mpaka ukakataa chakula. Mimi ndiye niliyekubembeleza."

"Sikumbuki."

"Ndiyo, hukumbuki. Bega lako lilishapona."

Twila akamshika baba yake mkono. "Usikasirike, Baba. Mwakani nitakaza zaidi."

Wendell akatoka nje kwenye theluji bila koti.

Huenda mambo yangetengenea. Bega la mtoto hupona. Lakini kabla msimu haujafungwa, asubuhi moja Twila alikuwa akiosha vyombo jikoni, akaona kitu chini ya mtofaa wa uani. Lilikuwa lile dume. Mbavu zilihesabika. Lilikuwa likisukuma kwa pua tofaa lililoganda, likijaribu kuliokota na kinywa kisichokuwepo. Tofaa likabingirika. Dume likalifuata. Likajaribu tena.

Twila hakulia. "Baba," akaita, "njoo ummalize, tafadhali. Mimi nilishindwa."

Wendell akatoka na bunduki ya baba yake, akafanya lililobaki.

Vuli iliyofuata, Wendell alirudi kwa Bwana Grubb na kununua ile bunduki ndogo. Kama wenye kahawa walicheka, hakuwasikia. Akaifunga utepe, akaiweka juu ya kitanda cha binti yake. Jioni Twila akamletea mezani, utepe haujafunguliwa.

"Asante, Baba. Ila sitaki kuua kitu tena."

"Basi usiue. Njoo tukae tu. Nitabeba kahawa."

"Siwezi. Nikisikia mlio hata wa mbali, bega linaniuma."

"Lakini lilishapona, Twila. Si ki..." Akaliacha neno katikati. Mtoto alikuwa tayari ameinamisha kichwa, kama alivyozoea kuinamisha machimboni, akingoja kuambiwa akaze.

Kesho yake Wendell alikwenda machimboni peke yake. Akavua koti, akavua sweta, akavua shati katika baridi ile, akakandamiza kitako cha bunduki ya baba yake kwenye ngozi tupu. Alitaka kujua. Akafyatua mpaka risasi zote zikaisha, akasimama akisubiri maumivu. Bega likapata joto kidogo, likawasha, likatulia. Lilikuwa bega pana la mtu aliyebeba magogo maisha yake yote. Akaketi juu ya jiwe akalia kwa uchungu wa kutoumia.

"Sijahisi kitu, Lorna," alimwambia mkewe aliporudi. "Nimejaribu. Sijahisi kitu."

"Huwezi kuhisi," Lorna akamjibu, akamfunika blanketi.

Jumatatu ya msimu ilipofika alipanda mlima peke yake. Akaketi upande wake wa kibao. Kwa mazoea akamimina vikombe viwili, kimoja cha maziwa mengi, akakiweka upande wa pili, nacho kikapoa hadi kikaanza kuganda. Theluji ilianguka juu ya ule upande mtupu, naye hakuifuta. Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.