Wimbo Usiorudiwa

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja, wa jamii ndogo ya warina asali kandokando ya msitu. Yeye ndiye aliyekuwa akiuongoza wimbo wa kupokea wageni, kama alivyofanya mama yake. Wimbo huo huimbwa mgeni akiwa bado amesimama nje ya ua. Ukiisha, anashikwa mkono na kuingizwa ndani.

Siku moja wakaja wasafiri waliotaka kuona watu wengine wanavyoishi. Mama akaimba, kijiji kikaitikia, wageni wakaingizwa, wakapewa asali. Ndipo mmoja wao, kijana mpole tu, akagundua kuwa kamera yake haikunasa kitu. Akaomba watoke nje, waimbiwe tena.

Mama akakataa. Mwongoza wageni aliyewaleta akamvuta pembeni, akamwambia kwamba hawa wakinuna hawatarudi, na kijiji kinawategemea. Majirani nao wakamsihi: ni wimbo tu, unapungukiwa nini? Mama hakutaka kuwaponza wenzake. Lakini angeimbaje tena, bila kuugeuza ule wa kwanza kuwa maigizo?

Akamwendea kijana mwenyewe, mwongoza wageni akitafsiri.

"Mwanangu, wimbo ule ni wa mtu aliye nje. Wewe umeshaingia. Nikuimbie tena, kwani nimekufukuza?"

Kijana akaishusha kamera. "Basi mama, nifanye nini?"

"Vijana wa hapa wanakwenda kuchota maji. Chukua ndoo, ufuatane nao."

Kijana akaiweka kamera mezani, akachukua ndoo. Njiani maji yakamlowesha shati lote, wakamcheka kama wanavyochekana wao kwa wao, naye akacheka. Mama alisimama uani akiwatazama, kifua mbele. Alijua leo amempokea mtu kweli.

Mnadhani sasa nitawasema wasafiri? La. Nawauliza ninyi mlioketi hapa. Mungu hajatupokea? Hajatushika mkono akatuingiza? Mbona basi kila Jumapili tunarudi kusimama nje, tunaomba tuimbiwe upya? Bwana, nionyeshe tena kama wanipenda. Bwana, nipe ishara nyingine. Lini alitufukuza?

Sisi si watalii katika nyumba ya Baba yetu. Sisi ni watoto wa humu ndani. Basi tuinue vichwa, wapendwa, na tukitoka hapa leo tumuulize swali moja tu: Baba, kuna kazi gani?