Nyotamkia Moja, Majina Matatu

Nitegeeni masikio. Hadithi ni yangu, hukumu ni yenu.

Palikuwa na watu watatu katika kituo cha kutazama nyota, juu ya mlima wa kusini. Lugano alisaga kioo kilichotandaza mwanga wa nyota ukawa utepe wa rangi. Ambakisye alikuwa na jicho lisilosahau: alichokiona jana, leo angejua kimezidi nini. Tusekile alisoma mistari myeusi ndani ya utepe, akajua kitu kinakuja au kinakwenda.

Kwao, jina la marehemu hupewa wajina, mtu au hata kitu, ili liendelee kuitwa. Lugano alifiwa na mdogo wake, aliyechukuliwa na mto. Ambakisye alifiwa na mkewe, na hadi leo humwita akifika mlangoni. Tusekile alifiwa na kichanga kabla ya siku ya kumpa jina.

Asubuhi moja walitazama picha ya utepe wa nyota ya mbali sana.

"Fundi, kioo chako kimeota ndevu," Ambakisye akatania, akionyesha mstari mwembamba kando ya ule mnene wa siku zote. Jana haukuwepo.

Lugano akanuna. Akakipima kioo kwa mwanga wa taa. Utepe ukatoka safi, hauna ndevu.

Tusekile akaiinamia picha. Mstari ulikuwa umesogea upande wa wekundu, dalili ya kitu kinachokwenda. Ni mvuke wa nyotamkia, akawaambia, iliyopita mbele ya nyota ile ikikimbia mbali nasi, ikiiangukia. Na mwanga huo ulisafiri miaka mingi. Nyotamkia yenyewe ilishayeyuka kabla hawajaijua.

Mkuu wa kituo, Bibi Sekela, akawaambia waipe jina. Jina moja tu, kabla ya jua kuzama.

"Bila kioo changu mngeona nini?" akauliza Lugano. "Na mdogo wangu hana hata kaburi."

"Bila jicho langu, fundi, mstari ule ungepita hivihivi," akasema Ambakisye. "Mke wangu namwita, haitiki. Angalau aitikiwe na kitu."

Wa mwisho akasema Tusekile. "Bila mimi mngekuwa na ndevu tu. Jina nililomchagulia mwanangu halijawahi kuitwa na mtu. Hata mimi sijalitamka."

Jua likagusa mlima, Bibi Sekela akangoja, kalamu mkononi.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ana wake anayemkosa. Nyotamkia ni moja, nayo haipo tena. Mngempa nani haki ya kulitaja jina?